OpenStack imegoma kuamka baada ya umeme kukatika: MariaDB inawaka na kuzima, mashine pepe zinaishia initramfs

mtu_wa_nodi

Habari za usiku wakuu. Naomba msaada, watumiaji wanaingia kazini asubuhi na wingu lote liko chini.

Mazingira: OpenStack (programu ya kuendesha wingu) Antelope (2023.1) kwa Kolla-Ansible, Ubuntu 22.04, kontrola 3 (seva za usimamizi) na kompyuti 5 (seva zinazobeba mashine pepe). Ceph (hifadhi ya diski za wingu) ni Quincy iliyowekwa kwa cephadm, mon (wasimamizi wa Ceph) ziko kwenye kontrola, OSD (huduma zinazoshika diski) ni 10 (mbili kwa kila kompyuti), nakala 3, min_size 2 (nakala chache kabisa zinazotakiwa ili data iandikike). Swichi ni mbili: moja ya 10G kwa ajili ya Ceph peke yake, nyingine inabeba usimamizi na VXLAN (mtandao wa mashine pepe kati ya nodi). Umeme ulikatika, jenereta haikushika, UPS zikaisha chaji, seva zote zikazimika kwa mpigo. Sasa umeme upo na hali ndiyo hii:

Horizon (ukurasa wa usimamizi wa OpenStack) inatoa 503. Kontena ya mariadb inawaka na kuzima kwenye kontrola zote tatu, logi inasema `failed to reach primary view`. Nimefungua grastate.dat kote kutatu, kote ni `seqno: -1` na `safe_to_bootstrap: 0`. Kwa hiyo sijui nianze na ipi.

`ceph -s` inatoa HEALTH_WARN: `clock skew detected` kwenye mon ya kontrola2, na osd.7 iko chini. Nyingine 9 ziko juu.

Kwa kuwa API haipo, nimewasha mashine pepe mbili kwa `virsh start` ndani ya kontena ya nova_libvirt ili nipime. GRUB inakuja, kerneli inapakiwa, halafu `I/O error, dev vda` mistari kibao na inaishia kwenye `(initramfs)`, ganda la dharura kabla mfumo haujawaka. Nimejaribu `fsck -y /dev/vda1`, nayo inalalamika kwamba haiwezi kuandika. Je, data imekufa?

---

Shangazi_Galera

Pole mkuu. Data yako kwa dalili hizi haijafa, ila acha hiyo fsck kwanza, na usiwashe mashine nyingine yoyote. Twende kwa mpangilio: saa, kisha Ceph, kisha MariaDB, kisha RabbitMQ (inayopitisha ujumbe kati ya huduma za OpenStack), mashine pepe mwisho kabisa. Ukiruka saa, kila utakachofanya baadaye kitakupa majibu ya uongo.

Saa. Ceph mon inavumilia tofauti ya sekunde 0.05 tu kabla ya kulalamika, na hilo ni onyo dogo. Kubwa ni kwamba Keystone (huduma ya utambulisho) itazikataa tokeni, na Nova (huduma ya mashine pepe) itaonyesha huduma ziko `down` wakati kontena ni nzima, kwa sababu inalinganisha muda wa ripoti ya mwisho na sekunde 60. Kwenye kontrola2:

```
chronyc sources -v
chronyc tracking
chronyc makestep
hwclock -w
```

Kama chanzo kina alama ya `^?`, maana yake chrony hajampata. Hapo jiulize kama seva yako ya NTP au DNS si mashine pepe iliyomo ndani ya wingu hili hili lililozimika. Na kama `date` ilirudi na mwaka wa zamani kabisa, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imeisha. Ibadilishe wiki hii hii, la sivyo kontrola2 itakufanyia hivi kila inapokosa umeme.

MariaDB. Galera (inayounganisha MariaDB zote tatu kuwa klasta moja) ina faili la gvwstate.dat linaloiwezesha kujirudisha yenyewe iwapo nodi zote zitarudi na kuonana. Kuzimika ghafla kunaweza kuliacha tupu, ndipo unapokuta kila nodi inamsubiri mwenzake. Hiyo `seqno: -1` ni kawaida: namba halisi huandikwa pale tu nodi inapozimwa kwa utaratibu. Namba ya kweli imo kwenye InnoDB (injini ya hifadhi ya MariaDB), na imeshaandikwa kwenye logi kila kontena ilipojaribu kuwaka:

```
grep "Recovered position" /var/log/kolla/mariadb/mariadb.log | tail -1
```

Utapata uuid, nukta mbili, halafu namba. Iandike pembeni kwa kila kontrola. Uuid lazima ifanane kote. Mwenye namba kubwa kuliko wote ndiye wa kuanzishia klasta. Kabla hujagusa kitu, simamisha zote tatu na uchukue nakala ya folda nzima kwenye kila moja:

```
docker stop mariadb
cp -a /var/lib/docker/volumes/mariadb /root/mariadb-kabla
```

Kisha kutoka kwenye seva unayoendeshea Kolla:

```
kolla-ansible -i multinode mariadb_recovery
```

Pleibuku hii yenyewe huzisoma namba na kumchagua mkubwa. Ukitaka kumlazimisha, ongeza `-e mariadb_recover_inventory_name=` na jina la kontrola kama lilivyo kwenye inventori. (Kuanzia toleo la 2024.2 amri imebadilika kidogo: ni `mariadb-recovery` kwa kistari, na `-i` hufuata baada ya amri.) Ikimaliza, ingia kwenye hifadhidata utazame `wsrep_cluster_size`, iwe 3, na `wsrep_local_state_comment`, iwe Synced kwa kila moja. Usiridhike na kontrola moja.

RabbitMQ usihangaike kuitibu. Ikiwa logi inasema `Waiting for Mnesia tables`, kila nodi inamngoja aliyezima mwisho, na zote zilizima pamoja. Ujumbe uliomo kwenye foleni ni wa kupita tu, hali ya kudumu ya wingu iko kwenye MariaDB. Futa uanze upya:

```
kolla-ansible -i multinode rabbitmq-reset-state
```

Halafu kwenye kompyuti zote `docker restart nova_compute neutron_openvswitch_agent`. Usiiguse openvswitch_vswitchd. Hiyo ndiyo inayobeba pakiti zenyewe, na ukiiwasha upya unakata mtandao wa kila mashine iliyo juu ya nodi hiyo.

---

rbd_na_chai

Naongezea upande wa initramfs, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza usiku mzima wakidhani Ceph imeharibu diski.

Angalia dalili yako vizuri: GRUB imesoma, kerneli imesoma, initrd imesoma. Kusoma kunafanya kazi. Imekwama pale mfumo wa faili ulipotaka kuandika, yaani kurudia jono (kumbukumbu ya maandishi yaliyokatishwa) ya ext4. Diski inayosomeka lakini haikubali kuandikwa baada ya kuzimika ghafla, kwa RBD (diski pepe za Ceph), mtuhumiwa wa kwanza ni kufuli.

Kila picha ya RBD yenye `exclusive-lock` hushikwa na mteja mmoja. Seva ilipozimika, mteja wa zamani alikufa na kufuli mkononi. Mteja mpya akija anatakiwa kumvunja: anamwambia mon amweke yule wa zamani kwenye orodha ya waliozuiwa, kisha anachukua kufuli. Kuweka mtu kwenye orodha hiyo kunahitaji ruhusa. Wengi waliofuata maelekezo ya zamani walimpa client.cinder (mtumiaji wa Ceph anayetumiwa na OpenStack) `mon 'allow r'`, ambayo haina ruhusa hiyo. Kila kitu kinakwenda sawa miaka na miaka, kwa sababu mashine inayozimwa kawaida huachia kufuli yenyewe. Siku seva inapokufa ghafla ndiyo siku unapojua. Tazama:

```
ceph auth get client.cinder
```

Ukiona `allow r` kwenye mon, hilo ndilo tatizo. Rekebisha hivi:

```
ceph auth caps client.cinder \
  mon 'profile rbd' \
  osd 'profile rbd pool=volumes, profile rbd pool=vms, profile rbd-read-only pool=images' \
  mgr 'profile rbd pool=volumes, profile rbd pool=vms'
```

`ceph auth caps` haiongezi ruhusa, inafuta zote na kuandika ulizotaja. Ukisahau pool (kundi la hifadhi) moja, mashine za pool hiyo zitakufa. Ufunguo wenyewe haubadiliki, kwa hiyo huna haja ya kusambaza keyring upya wala kuendesha reconfigure. Kama Nova yako ina mtumiaji wake tofauti, mfanyie vilevile.

Baada ya hapo mashine nyingi zitawaka zenyewe ukizizima kabisa na kuziwasha. Itakayobaki imekwama, itazame moja moja:

```
rbd status vms/UUID_disk
rbd lock ls vms/UUID_disk
```

Anza na `rbd status`, usianze na kufuli. Kama kuna mwangalizi kwenye orodha ya Watchers na mashine hiyo unaamini imezimwa, tafuta kwanza ni nodi ipi, kwa anwani ya IP iliyo pale. Kuna uwezekano qemu yake bado iko hai mahali. Ukivunja kufuli ya mteja aliye hai ukawasha mashine kwenye nodi nyingine, hapo sasa ndipo utaiharibu ext4 kwelikweli. Watchers ikiwa tupu, endelea. Namba unazitoa kwenye jibu la `lock ls`, na ile `auto` na namba yake viwe ndani ya alama moja ya kunukuu:

```
rbd lock rm vms/UUID_disk "auto 94501234567890" client.284173
```

Diski za Cinder zinaitwa `volumes/volume-UUID`, utaratibu ni ule ule.

fsck ije baada ya haya, na kabla yake piga `rbd snap create vms/UUID_disk@kabla`. Ni sekunde chache. Mara nyingi hutahitaji fsck kabisa, jono itajirudia yenyewe.

---

mtu_wa_nodi

Asanteni sana, Mungu awabariki.

Saa: kontrola2 ilirudi mwaka 2015, betri itabadilishwa. MariaDB: namba kubwa ilikuwa ya kontrola3, klasta sasa ni 3 na zote Synced. RabbitMQ imefutwa, `openstack compute service list` zote `up`. client.cinder alikuwa na `allow r` kama alivyosema rbd_na_chai. Mashine karibu zote zimewaka baada ya kurekebisha ruhusa, nne zilihitaji `lock rm`.

Limebaki jambo la ajabu. Mashine zilizo kwenye nodi moja zinawasiliana vizuri. Zilizo nodi tofauti zinapigiana ping safi, lakini SSH inaning'inia hapa:

```
debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY
```

Tovuti za HTTPS nazo zinazunguka tu. Security group hazijaguswa. Ceph haina shida yoyote, zaidi ya ile osd.7.

---

pakiti_nene

MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Ping ndogo inapita, TCP inafungua kwa sababu pakiti za mwanzo ni ndogo, halafu pakiti kubwa ya kwanza ya kubadilishana funguo inapotea njiani bila taarifa.

Endesha hii kutoka kompyuti moja kwenda nyingine, kwa IP za mtandao wa VXLAN:

```
ping -M do -s 8972 -c 3 10.30.0.12
ping -M do -s 1472 -c 3 10.30.0.12
```

8972 ukijumlisha baiti 8 za ICMP na 20 za IP unapata 9000. Soma jibu kwa makini. Likija `message too long`, ni kiolesura cha seva yako yenyewe chenye MTU ndogo, tazama netplan. Ikiwa kimya, hakuna jibu wala hitilafu, na ile ya 1472 inapita, basi kuna kitu katikati kinachozitupa. Kwako naweka dau kwenye swichi: mtu aliwahi kuweka jumbo frame (pakiti kubwa za baiti 9000) ikafanya kazi, lakini usanidi haukuhifadhiwa, na swichi ilipokosa umeme ikarudi kwenye usanidi wa zamani. Ingia, weka MTU (swichi nyingi huhesabu na kichwa cha Ethernet, kwa hiyo weka 9216 kama inakubali), kisha hifadhi.

Na upande wa OpenStack:

```
openstack network show JINA -c mtu
```

Ikisema 8950, maana yake `global_physnet_mtu` ni 9000 na VXLAN imekata baiti 50 zake. Mashine pepe zimepewa 8950 kwa DHCP na zinaitumia kwa imani. Usikimbilie kushusha MTU ndani ya mashine moja moja ili mambo yaende. Utajikuta na mtandao ambao nusu ni 1450 na nusu 8950, na mwaka kesho hakuna atakayekumbuka kwa nini. Tengeneza swichi.

Na kwa nini Ceph haikulalamika? Kwa kuwa iko kwenye swichi yake. Ingekuwa inapita kwenye hii, ungeona OSD zinaanguka na kuinuka, maana mapigo ya OSD hujazwa hadi baiti 2000 makusudi ili MTU mbovu ijulikane mapema. Neutron (huduma ya mtandao ya OpenStack) haina kengele ya namna hiyo.

---

mtu_wa_nodi

Ni swichi kweli. 8972 kimya, 1472 inapita. Nimeweka 9216, nimehifadhi, SSH inaingia mara moja.

Mawili ya mwisho. osd.7 logi yake inasema `rocksdb: Corruption: block checksum mismatch`. Je, niitengeneze kwa ceph-bluestore-tool? Na pili, kuna ubaya gani nikiwasha `resume_guests_state_on_host_boot` ili siku nyingine mashine ziwake zenyewe?

---

rbd_na_chai

osd.7: usitengeneze. Una nakala 3, na bila shaka Ceph imeshaanza kuzijenga upya zilizokuwa hapo, kwa sababu OSD iliyo chini kwa sekunde 600 hutolewa nje yenyewe. Kutengeneza RocksDB (hifadhidata ya ndani ya OSD) iliyopasuka ni kazi ya mtu ambaye hana nakala nyingine. Subiri PG (mafungu ya data ya Ceph) zote ziwe `active+clean`, kisha:

```
ceph osd safe-to-destroy osd.7
ceph orch osd rm 7 --replace --zap
```

Ikishafutwa, cephadm itaijenga tena kwa namba ile ile kama vipimo vyako vya OSD vinaikubali diski hiyo. Wakati wa kujenga upya chunga nafasi: `ceph osd df tree`. OSD ikifika 85% unapata onyo la nearfull, 90% haipokei tena data ya kuhamishwa, 95% maandishi yote ya pool yanasimama, pamoja na ya mashine zako. Kwa OSD 10, kupoteza moja ni asilimia kumi ya uwezo kwa mkupuo.

Ila swali la msingi ni aina ya diski. Ni SSD za kompyuta ya mezani? SSD za seva zina kapasita zinazoipa muda wa kumalizia kuandika umeme ukikata. Zile za bei rahisi hazina; baadhi zinajibu "nimeandika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, na RocksDB inayopasuka baada ya umeme kukatika inatokana na mambo kama hayo. Tena ni za polepole kwenye fsync, ambayo Ceph inaitumia kila wakati. Kabla ya kununua diski mbadala, ipime ikiwa tupu (amri hii inafuta kilichomo):

```
fio --name=pima --filename=/dev/sdX --rw=write --bs=4k \
    --iodepth=1 --direct=1 --fsync=1 --runtime=60 --time_based
```

Tofauti kati ya yenye kapasita na isiyo nayo huhitaji kikokotoo kuiona.

---

Shangazi_Galera

Kuhusu `resume_guests_state_on_host_boot`, mimi naiacha false kwenye wingu lenye Ceph. Seva zikiwaka zote kwa pamoja, nova-compute inaweza kuanza kuwasha mashine kabla OSD hazijafikisha akidi ya min_size. Mashine ikishindwa kuamka Nova inaiweka kwenye ERROR, na utakuwa na kazi ya:

```
openstack server set --state active UUID
openstack server reboot --hard UUID
```

kwa kila moja. Ikiwa false, Nova inazikuta zimezimwa na kuziandika SHUTOFF, nawe unawasha kwa skripti fupi baada ya kuona `ceph -s` imetulia: DNS na hifadhidata kwanza, programu baadaye.

---

pakiti_nene

Hapo natofautiana na shangazi kidogo. Nodi moja ikifa usiku wa Jumapili na kurudi, Ceph iko hai, hakuna sababu ya kumwamsha mtu aje kuwasha mashine kwa mkono. Iache true, na kinga iwe kwenye kuzima. Kinachoua ni UPS inayoisha bila kumwambia mtu. Weka NUT (programu ya kufuatilia UPS): seva moja inaunganishwa na UPS kwa USB, nyingine zinasikiliza kwa mtandao kupitia poti 3493. Usingoje ishara ya betri kuwa chini, maana betri iliyozeeka hutoka asilimia 40 hadi sifuri ghafla. Tumia upssched, uweke kipima muda: umeme ukikosekana dakika 5, zima mashine pepe, kisha `ceph osd set noout`, kompyuti, kontrola, mwisho kabisa seva yenye kebo ya USB. Ile swichi ya VXLAN nayo iwe kwenye UPS, la sivyo seva hazitaisikia amri ya kuzima.

Kuwasha ni kinyume chake, na usisahau `ceph osd unset noout`. Ikibaki imewekwa, OSD ikifa mwezi ujao Ceph haitajenga nakala yoyote, itakaa inasubiri.

---

proxmox_tu

Swali la pembeni wakuu: hili la kufuli linatuhusu na sisi wa Proxmox yenye Ceph yake ya ndani?

---

rbd_na_chai

@proxmox_tu kwa kawaida hapana, kwa sababu Ceph iliyosakinishwa na Proxmox yenyewe hutumia keyring ya client.admin kwa hifadhi ya RBD, ambayo ina ruhusa zote. Ukiunganisha Ceph ya nje kwa mtumiaji wako mwenyewe, ndiyo, hakikisha ana `mon 'profile rbd'`. Ninyi shida yenu baada ya umeme huwa ni akidi ya corosync (inayounganisha nodi za klasta): nodi 3 zinahitaji kura 2, na nodi moja iliyorudi peke yake haitawasha mashine yoyote. `pvecm status` itakuonyesha. `pvecm expected 1` ipo, lakini itumie tu ukiwa na uhakika wa macho kwamba nodi nyingine mbili zimezimwa.